Kukinga soketi ya USB-C dhidi ya mawimbi ya sumakuumeme: mwongozo kamili kwa wabunifu wa vifaa

Chomeka diski ya nje ya USB 3 kwenye kompyuta mpakato, kisha weka kipokezi kidogo cha kipanya kisicho na waya kwenye tundu la jirani. Mara nyingi kipanya huanza kukwamakwama, na Wi-Fi ya 2.4 GHz hupoteza kasi. Mwaka 2012 Intel walitoa maelezo ya kina juu ya jambo hili. Data ya USB 3 hukimbia kwa gigabiti 5 kwa sekunde na huchanganywa kwa makusudi ili isijirudierudie, hivyo nguvu yake hutawanyika kuanzia masafa ya chini kabisa hadi karibu na 5 GHz. Wi-Fi ya 2.4 GHz imekaa katikati kabisa ya eneo hilo. Kelele hutokea sehemu tatu: soketi ya kompyuta, soketi ya kifaa kilichochomekwa, na waya unaoviunganisha.

Mwongozo huu unahusu soketi na plagi ya USB-C, kwa sababu ndicho kiunganishi kidogo ambacho wabunifu wengi hukutana nacho leo, lakini hesabu zake zinafaa kiunganishi chochote kidogo cha data ya kasi. Jambo la kushika kabla ya yote: chuma chenyewe karibu kila mara kinatosha. Kinachoharibu kinga ni viungo, mianya, na mahali ambapo mkondo wa kurudi (mkondo wa ishara unaorudi kwenye chanzo chake kupitia graundi) unalazimishwa kupita njia nyembamba. Ukitumia bajeti yako yote kununua chuma kinene na ukaacha mwanya wa milimita nane nyuma ya soketi, hujakinga kitu.

Hatua ya 1: Amua unakinga nini, na kwa kiasi gani

Kuna malengo matatu tofauti, na kila moja lina namba zake.

La kwanza ni kufaulu vipimo vya utoaji wa mawimbi. Kiwango cha kimataifa cha CISPR 32, daraja B (la vifaa vya nyumbani), kwa umbali wa mita 3 kinaruhusu 40 dBµV/m, yaani desibeli juu ya mikrovolti moja kwa mita, kati ya 30 na 230 MHz, na 47 kutoka hapo hadi 1 GHz. Kati ya 1 na 3 GHz wastani usizidi 50 dBµV/m, na kati ya 3 na 6 GHz usizidi 54. Ili uone jinsi namba hizo zilivyo ndogo: waya wa mita moja wenye mkondo wa µA 5 tu unaokimbia kwa mwelekeo mmoja katika nyuzi zake zote, kwa 50 MHz, hutoa takribani 105 µV/m kwa umbali wa mita 3. Hiyo ni 40.4 dBµV/m. Umeshavuka.

La pili ni kulinda redio zilizomo ndani ya kifaa chako mwenyewe, na hapa ndipo wengi hujidanganya kwa cheti cha maabara. Kipokezi cha Wi-Fi chenye upana wa 20 MHz kina kelele ya asili ya takribani -101 dBm (desibeli kulinganisha na miliwati moja). Ongeza 6 dB za kipokezi chenyewe, unapata -95 dBm. Kelele ya USB ikifika kwenye antena kwa kiwango hicho hicho, umepoteza 3 dB za usikivu. Ukitaka kupoteza 1 dB tu, kelele hiyo inapaswa kuwa 6 dB chini yake, yaani -101 dBm. Antena iko sentimita chache kutoka kwenye soketi, si mita 3. Kifaa kinaweza kufaulu CISPR 32 bila shida na bado kikaiua Wi-Fi yake. Andika lengo la -101 dBm kwenye waraka wa muundo tangu siku ya kwanza.

La tatu ni kuhimili mshtuko wa umeme tuli. Kiwango cha majaribio cha IEC 61000-4-2 kwa kV 8 za mguso hutoa kilele cha kwanza cha A 30 kinachopanda kwa takribani nanosekunde 0.8. Tutakirudia kwenye bodi.

Hatua ya 2: Chuma na unene wake

Sehemu hii ni fupi kwa sababu ni rahisi. Mkondo wa masafa ya juu hutembea kwenye ngozi ya chuma tu. Kwa shaba, ngozi hiyo ni µm 6.6 kwa 100 MHz na µm 2.1 kwa 1 GHz. Kwa chuma kisichoshika kutu cha SUS304, ambacho ndicho maganda mengi ya USB-C (vifuniko vya chuma vinavyozunguka soketi na plagi) hutengenezwa kwacho, ni takribani µm 43 na µm 13.5. Kila unene mmoja wa ngozi hupunguza karibu 8.7 dB. Ganda la mm 0.2 lina ngozi kumi na tano kwa 1 GHz, yaani takribani 130 dB kinadharia. Hakuna mradi wa kawaida unaohitaji zaidi ya hapo.

Kwa hiyo chagua chuma kwa sababu nyingine: nguvu, uwezo wa kuwa springi, na uwezo wa kushika lehemu. SUS304 haishiki lehemu ikiwa tupu. Lazima ipakwe nikeli kwanza, kisha miguu yake ipakwe bati au dhahabu. Kwa vidole vya springi tumia shaba ya fosforasi au shaba ya berili. Kwa vifuniko vya bodi, aloi ya shaba, nikeli na zinki hupokea lehemu bila kupakwa chochote.

Hatua ya 3: Hesabu mianya

Hapa ndipo kazi ilipo. Mwanya huvujisha kulingana na urefu wake, si upana wake. Ufa mwembamba kama unywele lakini wenye urefu wa mm 10 ni mbaya kuliko tundu la mviringo la mm 3. Kanuni ya kukadiria ni hii: kinga katika desibeli ni 20 × logi ya (nusu ya urefu wa wimbi ÷ urefu wa mwanya).

Kwa 2.4 GHz nusu ya wimbi ni mm 62.5. Kwa hiyo:

- mwanya wa mm 8: takribani 18 dB
- mwanya wa mm 3: takribani 26 dB
- mwanya wa mm 1: takribani 36 dB

Kwa 5 GHz nusu ya wimbi ni mm 30, na mwanya wa mm 3 unabaki na 20 dB tu, ule wa mm 8 takribani 11.5. Mianya ikiwa mingi, inayolingana na iliyo karibu karibu, toa pia 10 × logi ya idadi yake: minne inakugharimu 6 dB nyingine.

Sasa chukua soketi mkononi, iangalie kwa lenzi na upime kila mwanya. Anza na nyuma. Soketi za bei ya chini huacha mgongo wazi pale pini zinapotoka kwenda kwenye bodi, na huo ni mwanya wa karibu upana wote wa soketi, mm 8 hivi. Chagua aina yenye kifuniko cha nyuma kilichochomewa au kulehemiwa kwenye ganda. Tazama mshono wa ganda: lililokunjwa kutoka bamba lina mshono unaokimbia urefu wote, na kufuli zake za mkato wa mkia wa njiwa hugusana pale zinapotaka tu. Lililovutwa kutoka bamba bila mshono, au lenye mshono uliochomewa kwa leza, ni bora zaidi. Tazama pia madirisha ya springi pembeni mwa ganda. Yapo kwa ajili ya kushika plagi, lakini kwa mawimbi ni mianya kama mingine.

Kuna hoja moja inayosikika sana: kwamba mdomo wa soketi, kwa kuwa ni mrija wa chuma wenye upana wa mm 8.34, huzuia mawimbi yote yaliyo chini ya 18 GHz. Hesabu hiyo ni sahihi kwa mrija mtupu. Ukishaingiza kipande chochote cha chuma kinachopita katikati, na ulimi wa USB-C umejaa pini, mrija unageuka kuwa njia ya kupitishia ishara yenye nyaya ndani, na hauzuii masafa yoyote. Usiutegemee.

Hatua ya 4: Ndani ya soketi na plagi

USB-C ina pini 24 zenye nafasi ya mm 0.5, kumi na mbili juu na kumi na mbili chini ya ulimi. Katikati ya ulimi kuna bamba la chuma linalotenganisha safu hizo mbili. Bamba hilo lazima liunganishwe na graundi. Likielea hewani linageuka daraja la kupitishia kelele kutoka jozi moja ya data (nyuzi mbili zinazobeba ishara moja) hadi nyingine. Pima kwa mita kati ya bamba na ganda baada ya soketi kulehemiwa, kwenye sampuli kadhaa, kwa sababu kuna watengenezaji wanaoliacha lishikwe na plastiki pekee.

Ndani ya plagi kuna springi ndogo ambazo hugusa kipande cha chuma kwenye mzizi wa ulimi wa soketi. Kazi yake ni kuunganisha ganda la plagi na graundi ya soketi karibu kabisa na pini za data, hivyo mkondo wa kurudi hauzunguki mbali. Plagi ambayo haina springi hizo huchaji na kupitisha data bila tatizo lolote linaloonekana, kisha inapeleka kelele nje. Ukinunua waya kwa ajili ya bidhaa yako, kata mmoja na uangalie.

Hatua ya 5: Bodi

Ganda la soketi lina miguu minne. Ilehemu yote kwenye matundu yenye shaba, na kila mguu uingie moja kwa moja kwenye tabaka la graundi bila mistari myembamba ya kupunguza joto. Zungusha kila mguu na matundu madogo ya mm 0.3, manne hadi sita, na panga safu ya matundu hayo hayo kwenye ukingo wa bodi kila mm 1.5 hadi 2.

Kwa nini miguu minne na si mmoja? Rudi kwenye mshtuko wa A 30 ndani ya nanosekunde 0.8. Kipande cha njia ya shaba cha mm 20 kina induktansi (tabia ya kupinga mkondo unaobadilika ghafla) ya takribani nH 20, kwa kanuni ya nH 1 kwa kila milimita. Zidisha: volti 750 zinajengeka kati ya ganda na graundi, na zinarukia pini za data. Miguu minne iliyotawanyika, kila mmoja ukiwa na nH 2, kwa pamoja hukaribia nH 0.5, na volti zinashuka hadi takribani 19. Ukinzani wa kawaida wa chuma hauna uzito hapa: mΩ 10 kwa A 30 ni volti 0.3 tu.

Swali linalozua mabishano ni kama ganda liunganishwe na graundi moja kwa moja au kupitia kapasita ya nF 4.7 na kinzani cha MΩ 1. Msimamo wetu kwa data ya kasi ni moja kwa moja. Kapasita hiyo pamoja na pedi zake ina takribani nH 1; inafanya kazi vizuri hadi karibu na 73 MHz, kisha inaanza kuwa koili. Kwa 2.4 GHz ina Ω 15 kati ya ganda na graundi, na kinga yote uliyoijenga inaning'inia juu ya Ω 15 hizo. Kama una sababu ya kweli ya kutenganisha, kwa mfano vifaa vilivyo kwenye soketi za umeme za majengo tofauti, zungushia ganda kapasita nyingi, angalau moja kwa kila mguu.

Jozi za data ziwe Ω 90, na nyuzi mbili za jozi moja zitofautiane kwa urefu usiozidi mm 0.13. Uzi mmoja ukizidi mwingine, sehemu ya ishara hugeuka kuwa mkondo wa mwelekeo mmoja, ule uliovuka mpaka kwa µA 5. Kinga bora ni kutozalisha mkondo huo kabisa. Tabaka la graundi chini ya jozi lisikatwe popote. Angalia hasa soketi zinazokaa katikati ya unene wa bodi: shimo la kuikalisha soketi hukata graundi pembeni mwa pini, na mkondo hulazimika kuzunguka shimo.

Hatua ya 6: Ganda la soketi na chasi (kasha la chuma la kifaa)

Kama kifaa kina kasha la chuma, ganda la soketi liguse kasha kuzunguka mdomo wote. Mzunguko wa ganda ni takribani mm 24, kwa hiyo ukitaka mwanya usiozidi mm 3 unahitaji sehemu nane za kugusa. Hapa tunatumia vidole vya springi au gasketi ya povu lililofunikwa kitambaa cha chuma. Gasketi ibanwe kati ya asilimia 30 na 50 ya unene wake. Chini ya hapo haigusi vizuri, juu ya hapo povu huchoka na halirudi.

Vidole vinahitaji hesabu, na inafaa kuifanya kwa makini kwa sababu ndicho kipengele kinachofeli mara nyingi baada ya bidhaa kuuzwa. Nguvu ya kidole ni E × upana × unene³ × mkunjo ÷ (4 × urefu³). Msongo wake ni 3 × E × mkunjo × unene ÷ (2 × urefu²). E ni kipimo cha ugumu wa chuma dhidi ya kunyumbuka; shaba ya fosforasi ina E ya takribani MPa 110,000.

Jaribu kidole chenye urefu wa mm 3.5, upana wa mm 1, unene wa mm 0.15, na mkunjo wa mm 0.25. Kinatoa N 0.54, na msongo wa MPa 505. Inaonekana vizuri. Lakini kasha, bodi na soketi vikijumlishiwa makosa yake ya vipimo hutofautiana kwa mm 0.10 kila upande. Mkunjo ukishuka hadi mm 0.15, nguvu ni N 0.32, pungufu ya N 0.5 tunayoitaka kwa mguso wa dhahabu. Ukipanda hadi mm 0.35, msongo unafika MPa 707, ambapo shaba nyingi za springi hulegea na hazirudi. Kidole kimefeli pande zote mbili.

Sasa kirefushe hadi mm 4, kipanue hadi mm 2, na weka mkunjo wa kawaida mm 0.30. Kwa kiwango cha chini kabisa, mm 0.20, nguvu ni N 0.58. Kwa juu kabisa, mm 0.40, ni N 1.16 na msongo wa MPa 619. Kinafanya kazi katika hali zote. Kama mguso ni wa bati, lenga angalau N 1 kwa hali ya chini kabisa, kwa sababu bati lina utando wa oksidi unaotakiwa kuvunjwa.

Uso wa alumini iliyopakwa rangi kwa njia ya umeme haupitishi umeme. Mchoro wa kasha uonyeshe wazi eneo lisilopakwa kuzunguka mdomo, upana wa angalau mm 2, lenye mpako wa kromati unaopitisha umeme. Kosa hili linapatikana hata kwenye michoro ya wahandisi wazoefu: vidole vizuri kabisa vinavyogusa rangi.

Ukanda wa pwani, Mombasa, Zanzibar au Dar es Salaam, una hewa ya chumvi na unyevu ambayo hula kiungo cha alumini na chuma kisichoshika kutu. Kwa vifaa vitakavyokaa huko, paka nikeli pande zote mbili za mguso, na rudia kipimo cha ukinzani baada ya jaribio la ukungu wa chumvi.

Hatua ya 7: Mwisho wa waya

Wavu wa shaba wa waya ukunjwe nyuma, uzunguke kote, kisha ubanwe na ulehemiwe kwenye ganda la ndani la plagi. Usikubali mtengenezaji anayesokota wavu kuwa mkia mmoja na kuulehemu upande mmoja. Mkia wa mm 20 una nH 20: Ω 6.3 kwa 50 MHz, lakini Ω 302 kwa 2.4 GHz. Kwa masafa hayo ganda la plagi halijaunganishwa na kitu. Hali ni hiyo hiyo kwa waya mwembamba wa graundi unaoambatana na foili: ni msaada wa wavu, haushiki nafasi yake.

Ganda la ndani likiwa na nusu mbili, nafasi kati ya nukta za leza isizidi mm 3. Mpira wa nje unaomwagwa juu hauna mchango wowote wa kinga, hivyo ukaguzi ufanyike kabla haujamwagwa.

Hatua ya 8: Pima

Anza na mita ya nyaya nne. Kutoka ganda la plagi hadi chasi lenga chini ya mΩ 10 kwa kifaa kipya. Rudia baada ya kuchomeka na kuchomoa mara 10,000, ambayo ndiyo idadi iliyowekwa kwa USB-C. Kumbuka kwamba kipimo hiki hugundua viungo vilivyooza au vilivyopakwa rangi, lakini mkia wa mm 20 utafaulu bila shida.

Kisha chukua kitanzi cha kunusia sumaku chenye kipenyo cha mm 10 na kichanganuzi cha masafa. Endesha data mfululizo, weka kichanganuzi kishike kilele kati ya 2.4 na 2.5 GHz, na upitishe kitanzi polepole: mgongo wa soketi, mshono, mdomo, kiungo cha plagi, mwanzo wa waya. Andika kila kilele. Funika sehemu moja kwa utepe wa shaba wenye gundi inayopitisha umeme na upime tena. Kelele ikishuka 10 dB, umepata mwanya. Isiposhuka, usiongeze utepe juu ya utepe. Ondoa na uende sehemu inayofuata, vinginevyo hutajua ni kipi kilichosaidia.

Mwisho pima kwenye antena yenyewe. Tenganisha antena na redio, unganisha na kichanganuzi chenye kikuza ishara cha kelele ndogo, na linganisha USB ikiwa imezimwa na ikiwa imewashwa, kwa upana wa 20 MHz. Hapa ndipo lile lengo la -101 dBm linapothibitishwa. Pima chaneli 1 (2412 MHz) hadi 13 (2472 MHz), na kama kifaa kina GPS pima pia 1575.42 MHz.

Kwa kulinganisha viunganishi vyenyewe kabla ya kununua, IEC 62153-4-7 inaeleza njia ya mrija ndani ya mrija ya kupima impidansi ya uhamisho, yaani volti zinazovuja kupitia kinga kwa kila ampea inayopita juu yake. Mwombe msambazaji matokeo yake hadi angalau 3 GHz. Akikupa ukinzani wa mguso peke yake, bado hajajibu swali lako. Ripoti za maabara za EMC (upatanifu wa sumakuumeme) zitadaiwa pia na mamlaka za mawasiliano, TCRA ya Tanzania au CA ya Kenya, wakati wa kuidhinisha kifaa chenye redio, kwa hiyo fanya vipimo vya kunusa kwenye bodi ya kwanza kabisa, wakati kubadilisha soketi bado ni suala la kuhamisha pedi chache.

Kwenye uzalishaji, kagua mambo matatu kwa kila shehena: miguu minne imejaa lehemu hadi upande wa pili wa bodi, urefu wa vidole kabla ya kufunga kasha, na ukinzani kati ya ganda na chasi. Lehemu iliyofika nusu ya tundu haionekani kwa juu. Kata sampuli moja katikati ya mguu na uitazame kwa darubini.